Ushahidi Ulio Karibu: Kufundisha Masomo ya Jamii Meru na Embu

Masomo ya Jamii, kwa maana inayotumika katika shule za Kenya, ni somo linalokusanya historia, jiografia na uraia ili mtoto awaelewe watu, mazingira yao, uongozi wao na namna wanavyojitafutia riziki kuwa mambo yanayotegemeana. Mkusanyiko huo una historia yake. Shule za kikoloni zilimfundisha mtoto wa mlimani habari za wafalme wa Uingereza kabla ya kumweleza lolote kuhusu mto aliouvuka asubuhi akienda shuleni, na baada ya uhuru mataifa ya Afrika yalianza kutafuta njia ya kuigeuza hali hiyo. Mnamo 1968 waelimishaji kutoka nchi kadhaa za bara hili walikutana Mombasa kujadili ufundishaji wa somo hilo, na kutokana na mkutano huo ukaundwa Mpango wa Masomo ya Jamii wa Afrika, uliokuwa na makao yake Nairobi. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliziunganisha fani hizo tatu katika shule ya msingi. Nao mtaala wa umilisi, yaani mtaala unaompima mwanafunzi kwa yale anayoweza kuyatenda zaidi ya yale anayoyakumbuka, ulipoanza kutekelezwa kote nchini 2019 kwa madarasa ya chini, uliliweka somo hilo kuanzia gredi ya nne. Mpangilio wake hutoka karibu kwenda mbali: gredi ya nne huichunguza kaunti, gredi ya tano huichunguza nchi, na gredi ya sita huvuka mipaka hadi Afrika Mashariki.

Mpangilio huo ni mzuri, lakini uzuri wake hutegemea kile kinachotendeka mwalimu anapokifunga kitabu. Katika madarasa mengi mada ya utamaduni hufupishwa ikawa orodha: utamaduni ni jumla ya mila na desturi za jamii, vyakula vya asili ni hivi, mavazi ni haya, umuhimu wa utamaduni ni huu. Mtoto huikariri orodha, hujibu mtihani, na siku ya tamasha la utamaduni shuleni huvaa shuka na shanga akacheza ngoma ambayo hajawahi kuuliza huchezwa lini na kwa nini. Kinachokosekana ni ushahidi, yaani kitu, mahali, simulizi au mtu anayeweza kuulizwa swali, kisha jibu lake likapimwa. Nchi iliyo mashariki mwa Mlima Kenya, inayoanzia Embu na Mbeere, ikapita Chuka, Muthambi na Mwimbi, hadi Imenti, Tharaka, Tigania na Igembe, ina ushahidi wa aina hiyo kwa wingi, na sehemu kubwa yake iko umbali ambao mtoto anaweza kuutembea kwa miguu. Somo la jamii lililo hai Meru au Embu ni lile linalomfanya mtoto aushike ushahidi huo, auhoji, na atambue kwamba jirani yake anaweza kuwa na ushahidi mwingine.

Barabara ya kutoka Embu hadi Meru inatosha kuwa somo la kwanza. Kutoka mji wa Embu barabara hiyo hupita Runyenjes, ikavuka mto Thuci unaoitenganisha Kaunti ya Embu na ile ya Tharaka-Nithi, ikafika Chuka, ikateremka na kupanda katika bonde la Nithi, kisha ikaendelea Igoji, Nkubu na mji wa Meru. Abiria wa matatu huijua kwa kona na miteremko yake, na daraja la Nithi linajulikana nchini kote kwa ajali, ikiwemo ile ya Julai 2022 ambapo basi lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafariki. Mwalimu anaweza kuwataka wanafunzi waichore barabara hiyo kwa kumbukumbu zao na za wazazi wao, huku wakiuweka kila mto mahali pake: Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Kathita. Mchoro ukikamilika, swali moja huulizwa, nalo ni kwa nini barabara moja inavuka mito mingi kiasi hicho, na kwa nini yote inateremka upande uleule. Kwa kulijibu swali hilo watoto hugundua wenyewe kwamba maji yanatoka kwenye mlima wenye urefu wa mita 5,199, ambao Waembu huuita Kirinyaga na Wameru wengi huuita Kirimaara, kwamba yote huishia katika mto Tana, na kwamba barabara ya kisasa huikata migongo ya ardhi ambayo mababu waliifuata kutoka juu kwenda chini.

Ugunduzi huo hufungua mlango wa uchumi. Sehemu ya juu, karibu na msitu, ni nchi ya chai. Chini yake ni nchi ya kahawa. Na chini zaidi, Mbeere na Tharaka, ni nchi kavu ya ndengu, mtama, mawele, maembe na mbuzi. Mwanafunzi anayepewa kazi ya kwenda sokoni na mzazi wake, kwa mfano Gakoromone mjini Meru au Ishiara kule Mbeere, akaandika bidhaa kumi na mahali kila moja ilikotoka, hurudi na ramani ya biashara ambayo kitabu hakina. Ataona kwamba watu wa juu na watu wa chini wamekuwa wakihitajiana tangu zamani, mmoja akiwa na chakula mvua inapokosekana kwa mwenzake, na mwingine akiwa na mifugo. Darasa linaweza kuufuata mto hadi mwisho wa kaunti, kwenye mabwawa matano ya Tana yaliyojengwa kuanzia Kindaruma, lililokamilika 1968, hadi Kiambere, lililokamilika 1988, na kuuliza ni nani aliyepata umeme kutokana na maji hayo na ni nani aliyehamishwa ili bwawa lijae. Swali hilo la pili huachwa nje ya vitabu vingi, ilhali ndilo linalougeuza mchoro wa jiografia kuwa somo la haki.

Upande wa historia, hakuna kisa kinachofaa darasani kuliko cha Mbwaa. Kwa mujibu wa simulizi za Wameru, mababu zao waliishi Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, wakitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu, ambao waliwapa majaribio yasiyowezekana kwa nia ya kuwaangamiza. Kiongozi wa mababu, anayetajwa katika masimulizi mengi kwa jina la Koomenjwe, aliyatatua majaribio hayo moja baada ya jingine, hadi lilipokuja lile la kutengeneza mkuki unaofika mbinguni, na hapo ikawa hakuna njia ila kutoroka usiku. Walipofika kwenye maji, kiongozi aliyapiga kwa fimbo yakagawanyika, nao wakavuka kwa makundi: waliovuka gizani wakaitwa weusi, waliovuka alfajiri wakaitwa wekundu, na waliovuka kukiwa kumekucha wakaitwa weupe, na koo nyingi za Meru hadi leo hujipanga chini ya majina hayo matatu.

Kisa hiki kikisomwa tu kwa sauti, watoto watakifurahia na kukisahau. Kikitendwa, mambo hubadilika. Jaribio mojawapo lilikuwa la kutoa tunda la mviringo kutoka ndani ya shimo refu jembamba bila kulichoma na bila kulishika, na jaribio hilo linaweza kufanywa kwenye uwanja wa shule kwa jembe, tunda jepesi na ndoo ya maji. Mwalimu huchimba shimo lenye kina kinachopita urefu wa mkono wa mtoto, hutumbukiza tunda, kisha hunyamaza. Watoto watapendekeza kijiti, kamba, gundi, hata kumtuma mdogo wao aingize mguu. Baada ya muda mmoja wao atatazama ndoo, atamimina maji, na tunda litapanda polepole hadi mdomoni mwa shimo likielea. Jaribio jingine, la kutengeneza kiatu chenye manyoya pande zote mbili, lilitatuliwa kwa ngozi ya shingo ya ng'ombe inayoning'inia, kwa kuwa ngozi hiyo ina manyoya ndani na nje inapokunjwa, na darasa lenye mwana wa mfugaji huenda likalipata jibu hilo bila kusaidiwa. Kwa njia hii mtoto hujifunza kwamba simulizi lilihifadhi maarifa, na kwamba wahenga walithamini akili ya kutatua tatizo kuliko nguvu.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu na ndiyo yenye faida zaidi, maana ni hatua ya kukihoji kisa. Mbwaa ilikuwa wapi? Wapo waliopendekeza kwamba ni kisiwa cha Manda katika funguvisiwa la Lamu, miongoni mwao Jeffrey Fadiman, mwanahistoria Mmarekani aliyewahoji wazee wa Meru mwishoni mwa miaka ya 1960 na ambaye kitabu chake kuhusu historia simulizi ya Meru kilitoka 1993. Nguo Ntune walikuwa akina nani? Tena, mwanafunzi yeyote aliyesoma somo la dini atauliza kwa nini kuvuka kwa maji kunafanana mno na safari ya Musa na wana wa Israeli. Mwalimu hana haja ya kuliogopa swali hilo, wala kulijibu kwa niaba ya watoto. Anachoweza kufanya ni kuwafundisha tofauti kati ya madai matatu, yaani kwamba jambo fulani lilitokea, kwamba watu wanaamini lilitokea, na kwamba simulizi lake huenda limeongezewa sura mpya kila lilipopita kwa msimulizi mwingine. Mtoto wa gredi ya sita anaweza kuielewa tofauti hiyo, na akishaielewa anaweza kuisoma habari yoyote, hata ya simu, kwa jicho lililo macho.

Embu ina simulizi lake la asili, linalomhusu Mwenendega na mkewe Ciurunji, ambao Waembu wengi huwataja kuwa wazazi wa jamii hiyo, na kichaka kitakatifu cha Mwenendega kipo hadi leo karibu na Runyenjes. Darasa la Runyenjes na darasa la Nkubu yakiandikiana barua, kila moja likieleza simulizi lake, watoto wataona jambo ambalo mwalimu angelieleza kwa shida: kwamba jamii moja hujieleza kwa safari ndefu kutoka mbali, na jirani yake hujieleza kwa kuota mizizi palepale ilipo, ingawa lugha zao zinakaribiana kiasi kwamba Mchuka na Mwembu wanaweza kusikilizana. Hapo ndipo ufahamu wa utamaduni unapoanza, katika kugundua kwamba jirani amejieleza kwa njia nyingine na bado ni jirani.

Mfumo wa rika nao ni hazina ambayo walimu wengi huitaja kwa sentensi moja tu. Rika ni kundi la watu waliotahiriwa katika kipindi kimoja na kupewa jina la pamoja linalowafunga maisha yao yote. Miongoni mwa Wameru majina kama Ratanya, Lubetaa, Miriti, Guantai, Gichunge na Kiramana ni ya aina hiyo. Kwa mwanahistoria rika ni kalenda. Kwa mfano, Waingereza waliishambulia Embu 1906, na kituo chao cha utawala Meru kikaanzishwa 1908 chini ya Edward Horne, ambaye wenyeji walimpa jina la Kangangi. Mzee asiyejua mwaka wa tukio anaweza kukumbuka kwamba siku hizo vijana wa rika fulani ndio waliokuwa mashujaa, na kwa kulilinganisha jina hilo na matukio yenye tarehe, mtafiti hupata makadirio. Wanafunzi wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa kamba ya katani iliyofungwa kutoka ukuta hadi ukuta wa darasa, wakining'iniza juu yake kadi za matukio yenye mwaka unaojulikana, na chini yake kadi za marika waliyoyasikia kwa babu na bibi zao. Kadi zitagongana, kwa sababu majina ya marika hurudi baada ya vizazi kadhaa na kwa sababu tarafa moja haikutahiri pamoja na nyingine, na kugongana huko ndiko kunakowafundisha watoto kazi halisi ya historia. Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki alifanya kazi ya namna hiyo na wazee wa Embu na Mbeere, na matini alizozikusanya, zilizochapishwa 1974, zinaonyesha kwamba mzee wa kijiji akiulizwa vizuri ni maktaba.

Kuuliza vizuri, hata hivyo, ni stadi inayofundishwa. Swali kama "mila zetu ni zipi?" humlazimisha mzee kutoa hotuba, na mtoto hurudi na maneno yaleyale ya kitabuni. Swali kama "ulipokuwa na umri wangu, nani alikuamsha asubuhi, na kazi yako ya kwanza ilikuwa gani?" huleta jibu lenye ng'ombe, umande, njaa na adhabu ndani yake. Inafaa darasa liandae maswali yake pamoja, liyajaribu kwa kumhoji mwalimu mwenyewe, lifute yale yanayojibiwa kwa ndiyo au la, kisha ndipo watoto watumwe nyumbani. Adabu pia ni sehemu ya somo. Mtoto humsalimu mzee kwa lugha yake, humweleza anachotaka kufanya na maneno yake, na akiambiwa jambo fulani si la kuandikwa, huiweka kalamu chini.

Katika shule za Mbeere na Tharaka kuna kitu kingine kinachoweza kubeba somo zima, nacho ni mzinga wa gogo. Mzinga huo ni kipande cha gogo kilichochongwa ndani kikawa na uwazi, kikafungwa pande mbili kwa vifuniko vya mbao na kuachiwa tundu la nyuki, kisha kikatundikwa juu ya mti. Mzinga mmoja mzee, uliokwisha kuachwa na nyuki, ukiletwa darasani na kuwekwa mezani, wanafunzi wapewe dakika 20 za kuutazama, kuunusa na kuuchora kabla ya mtu yeyote kueleza lolote. Watauliza alama zilizochongwa ubavuni ni za nini, na jibu la kwamba ni alama ya mwenye mzinga au ya ukoo wake litaleta swali la jinsi mali iliyoachwa porini, mbali na macho ya mwenyewe, ilivyolindwa bila polisi wala kufuli. Watauliza nani alipanda mtini, na kwa nini kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Watauliza asali ilikwenda wapi, na hapo watakutana na mahari, kwa kuwa asali ilikuwa na nafasi yake katika makubaliano ya ndoa, na pia na vikao vya wazee ambako pombe ya asali ilinywewa. Sheria, jinsia, ndoa, mazingira na biashara vyote vimo ndani ya gogo moja. Mbinu hiyohiyo inafaa katika Jumba la Makumbusho la Meru, lililofunguliwa 1974 katika jengo la mawe la enzi ya ukoloni ambalo awali lilikuwa la utawala: badala ya kuwakimbiza watoto 50 kutoka chumba hadi chumba wakinakili maandishi ya ukutani, kila kikundi kipewe kitu kimoja tu, kikae nacho, na kirudi shuleni kukieleza kwa wengine.

Katika uraia, eneo hili lina taasisi mbili ambazo hazina budi kufundishwa kwa kina. Ya kwanza ni gichiaro, mapatano ya undugu baina ya koo au jamii mbili, ambayo kwayo mtu hawezi kumnyima mwenzake wa gichiaro anachoombwa, hawezi kumdhuru, na hawezi kuoana naye kwa kuwa wamekuwa ndugu. Mapatano hayo yalivuka hata mipaka ya lugha, na wapo Watharaka wenye gichiaro na Wakamba. Ya pili ni Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru, lenye makao yake Nchiru katika Tigania, mahali ambapo leo pia pana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichojengwa juu ya ardhi iliyotolewa na baraza hilo. Wanafunzi wanaweza kuigiza kesi ya mpaka wa shamba mara mbili, mara ya kwanza mbele ya wazee na mara ya pili mbele ya hakimu, kisha wakalinganisha: nani aliruhusiwa kusema, ushahidi ulikuwa nini, adhabu ililenga kumlipa aliyedhulumiwa au kumwadhibu mkosaji. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinaelekeza mahakama ziendeleze njia za jadi za kutatua migogoro, ilimradi zisikiuke haki za kimsingi wala sheria, na igizo hilo litawaonyesha watoto mahali pa kupimia sharti hilo, kwa sababu msichana mmoja lazima atauliza kwa nini katika igizo la kwanza hakuna nafasi ya mwanamke kuketi miongoni mwa waamuzi.

Swali la msichana huyo linastahili jibu la kweli, na historia ya Meru inalo jibu lenye uzito, linalofaa wanafunzi wa sekondari waliokwisha kukomaa. Mnamo Aprili 1956 Baraza la Wilaya la Waafrika la Meru, likiungwa mkono na wazee wa Njuri Ncheke, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Nchi ilikuwa bado katika hali ya hatari iliyotangazwa kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na wazee walitoa amri bila kuwauliza wanawake. Wasichana wengi walijibu kwa kujikata wenyewe kwa nyembe, wakaitwa Ngaitana, yaani wale wanaosema watajitahiri, na katika muda wa miaka mitatu wasichana, wanawake na wanaume zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kuivunja amri hiyo, kama alivyoonyesha mwanahistoria Lynn Thomas katika utafiti wake uliochapishwa 2003. Mwanafunzi wa leo, anayejua kwamba ukeketaji ni kosa chini ya sheria ya 2011 na kwamba unadhuru mwili na uhai, huona ajabu kwamba wasichana walikitetea kitendo hicho dhidi ya waliotaka kuwakinga. Ajabu hiyo ndiyo mwanzo wa kufikiri: kitendo kilikuwa na maana gani kwao, ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kusema kikome, na amri inayotoka juu bila mashauriano hufika wapi.

Somo hilo lisikomee 1956. Miaka 40 baadaye, mnamo 1996, huko Gatunga katika Tharaka, akina mama wakishirikiana na shirika la Maendeleo ya Wanawake walianzisha njia mbadala waliyoiita Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno, ambayo wasichana hutengwa kwa siku kadhaa wakafundishwa mambo ya utu uzima, kisha wakashangiliwa hadharani bila kukatwa. Darasa likiyaweka matukio hayo mawili bega kwa bega litaona tofauti kubwa, kwamba katika tukio la pili mama na binti walikuwa ndani ya uamuzi, na kile walichokithamini, yaani mafundisho, sherehe na heshima ya kuvuka rika, kilibakizwa. Mwalimu anayelifundisha jambo hili lazima awe na subira na siri, kwa sababu darasani huenda yumo aliyefanyiwa au anayetishiwa kufanyiwa. Mjadala usimtake mtoto yeyote kueleza habari za nyumbani kwake, na wote wajue ni mwalimu gani wa kumwendea kwa faragha.

Jambo jingine linaloweza kujadiliwa katika shule ya sekondari ya msingi ni miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere. Uingereza iliipiga marufuku miraa Juni 2014 na familia nyingi zikapoteza soko; Mei 2024 kaunti za pwani, Mombasa ikiwa mojawapo, zilitangaza kuuzuia muguka zikitaja madhara kwa vijana wao, nao wakulima na viongozi wa Embu wakapinga vikali. Darasa la Siakago, kule Mbeere, linaweza kuandika barua mbili, moja ya mkulima wa Mbeere anayelipa karo kwa majani hayo, na nyingine ya mzazi wa Mombasa ambaye mwanawe ameacha shule akitafuna siku nzima. Sharti ni kwamba kila mwanafunzi aandike zote mbili, na aiandike kwa bidii zaidi ile asiyokubaliana nayo.

Madarasa ya miji ya Embu na Meru, pamoja na yale ya Maua na Kiritiri, hayana watoto wa jamii moja tu. Yumo Mkamba, Mkikuyu, Msomali, Mborana, mtoto wa mtumishi wa umma kutoka Kisumu au Kakamega. Mwalimu anayesema "utamaduni wetu" akimaanisha wa wenyeji peke yake humfanya mtoto huyo mgeni ndani ya darasa lake mwenyewe. Ramani ya safari za familia husaidia hapa: kila mtoto huchora njia ambayo watu wake walipita hadi kufika shuleni hapo, na mara nyingi hata mwenyeji hugundua kwamba bibi yake aliolewa kutoka ng'ambo ya Thuci. Zoezi la mti wa ukoo, linalopendwa katika vitabu, lina hatari zake, kwa kuwa yupo yatima, yupo aliyelelewa na shangazi, na yupo asiyemjua baba. Ni bora mtoto aambiwe achore watu waliomlea, bila nafasi zilizopangwa tayari ambazo zitabaki tupu mbele ya wenzake.

Karibu mazoezi yote yaliyotajwa hayahitaji kuchapisha picha wala kununua manila, na hilo ni muhimu, kwa sababu wazazi wengi wamelalamikia gharama za vifaa tangu mtaala wa umilisi uanze. Ugumu uko kwenye tathmini. Mtaala humweka mwanafunzi katika ngazi nne, kutoka kuzidi matarajio hadi kuwa chini ya matarajio, lakini tathmini ya kitaifa ya gredi ya sita, iliyofanywa kwa mara ya kwanza 2022, huuliza maswali ya kuchagua jibu, na mwalimu anayejua hilo huvutwa kurudi kwenye orodha. Njia ya katikati ipo: mwanafunzi apimwe kwa swali alilouliza na kwa namna alivyoushughulikia ushahidi uliopingana, na maarifa ya mtihani, kama vile majina ya mito, mipaka ya kaunti na kazi za viongozi, yapatikane ndani ya kazi hiyohiyo, kama yalivyopatikana katika mchoro wa barabara.

Yanayokusanywa nayo yanahitaji mahali pa kukaa. Mahojiano ya watoto yaandikwe kwa lugha ya msimulizi kwanza, iwe Kiembu, Kimbeere, Kichuka, Kitharaka au Kimeru cha sehemu husika, kisha yatafsiriwe kwa Kiswahili, ili darasa linalofuata lipate maneno yalivyotamkwa. Nakala moja ibaki katika maktaba ya shule ikiwa na tarehe na jina la kijiji, nakala nyingine irudishwe kwa mzee aliyesimulia, na mtoto amsomee mbele ya familia yake ili arekebishe palipokosewa na aseme ni sehemu zipi anaruhusu zisomwe na wengine.